Gari Iliyoanguka Kona ya Pili

Bunia, 23 Agosti 2009

Baba mpendwa,

Nakusalimia sana, na Mama anakusalimia. Siye wote tuko wazima. Mgongo wa Mama unamsumbua kidogo tangu tuvune maharage, lakini jana alienda sokoni kwa miguu akarudi anacheka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Na weye, baridi ya Kpandroma unaivumiliaje? Tumempa dereva Ézéchiel sweta yako ya kahawia pamoja na barua hii. Asipokupa sweta, ujue anaivaa yeye.

Baba, diplome yangu imetoka. Nimepita! Mama alinimwagia pudra kichwani mbele ya majirani wa avenyi nzima, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikakimbilia ndani ya depo, stoo yako ya uani, kukaa na magari yako madogo mpaka walipotawanyika. Unanijua.

Uliniambia nikuandikie kila kitu cha klabu yetu ya magari ya mchezo, basi naandika. Magari yote ya kwenye rafu yako nimeyafuta vumbi. Ile ndogo ya buluu uliyoipata ndani ya balo za mitumba ya Ulaya sijaigusa zaidi ya kuifuta. Yangu nyekundu nimeibadilishia matairi, nimeyakata katika kandambili ya zamani, nikayasugua kwa msasa motari ikizunguka kama ulivyonionyesha. Sasa haidundi tena.

Tuna mtu mpya. Ni Micheline, yule mama kijana anayeuza mandazi mbele ya uzio wa parsele yetu. Jumamosi moja aliweka beseni chini akaingia kutazama. Akaniuliza kwa nini magari hayagongani. Nikamwonyesha mifereji minne iliyochimbwa katika mbao za meza, na kidole kilicho chini ya pua ya kila gari, kinachotembea ndani ya mfereji. Nikamwonyesha na shaba pembeni inayoleta moto wa batri, na maneti unayoibonyeza ili gari iende. Akasema, "Kumbe kazi yangu ni kidole gumba tu? Lete!" Tukamtengenezea gari ya kijani kwa kopo la maziwa ya unga. Anajua kukimbiza, Baba. Na anajua kusema. Alimwambia Hippolyte, prezida wetu wa klabu, "Prezida, gari yako inatembea kama mugonjwa anapelekwa hospitali." Mbuyi alicheka mpaka akashika ukuta.

Jana yalikuwa mashindano. Nilitangaza mimi, maana hakuna mwingine aliyetaka. Nilifanya kama weye unavyofanya, kama redio: jina, gari, na mahali mtu anapotoka. "Mbuyi, gari nyeupe, wa Mbuji-Mayi! Orly, gari ya manjano, wa Kasenyi!" Halafu nikasema kwa furaha, kwa sababu ndiko weye uliko: "Micheline, gari ya kijani, wa Kpandroma!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Hippolyte alikuwa amekwisha kukimbiza, basi alisimama kona ya pili kuokota. Gari ya Micheline ikaruka hapo hapo kwake, ikalala mgongoni, matairi yanazunguka juu. Hippolyte akaiangalia tu. Micheline akaita, "Prezida, gari yangu iko inakuangalia!" Akajibu, "Mikono yangu imechoka." Akaikunja. Ikabidi Micheline aache maneti, azunguke meza yote, aiokote mwenyewe. Wengine walikuwa wamempita mbali. Ikaanguka tena, ikawa vile vile.

Baba, sheria ni yako. Aliyemaliza kukimbiza anasimama kwenye kona, anarudisha mferejini gari ya kila mtu. Nifanye nini na Hippolyte?

Binti yako,
Divine


Kpandroma, 8 Septemba 2009

Divine, mama yangu,

Salamu zako zimenifikia, na sweta pia imefika, ina harufu ya sigara ya Ézéchiel. Mimi ni mzima. Paa la shule tunalifunga polepole kwa sababu mvua inakuja kila alasiri. Mwambie Mama asinyanyue magunia, amwite Mbuyi.

Kuhusu diplome, nililia kidogo. Nilikuwa juu ya ngazi, hakuna aliyeniona. Hongera, mama.

Sasa sikiliza vizuri. Kosa lilikuwa kusema Kpandroma. Mimi nilikuwa natangaza hivyo kwa sababu nilijua wote waliokuwa ndani ya depo na nilijua nani asemwe anatoka wapi. Unakumbuka mwaka ule Mwalimu Anaclet alipokuja? Nilimtangaza "wa kartiye yetu", kama mtu wa mtaa huu, ingawa alitoka kule kule. Hakuna aliyeuliza, tukakimbiza vizuri. Kaka yake Hippolyte aliuawa wakati wa vita, barabara ya Kpandroma. Hippolyte alikuwa amekaa na Micheline wiki zote hizo akicheka naye na kula mandazi yake bila kujua. Ungemwachia kutojua kwake.

Usigombane naye. Tuna amani, na amani hii bado ni changa. Mwambie Micheline kwa upole apumzike, mpaka nirudi kwa Noeli. Nitazungumza na Hippolyte mwenyewe.

Gari ya kijani inaruka kwa sababu kopo ni jepesi mbele. Weka risasi kidogo, ile ya kuchomelea, nyuma ya kidole, chini kabisa, igundishe na nta. Usiweke nyingi, itachelewa kutoka kona.

Baba yako,
Augustin


Bunia, 20 Septemba 2009

Baba mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa mafundi wenzako. Huku tu wazima. Mama amekubali kumwita Mbuyi kwa magunia, lakini anasimama nyuma yake akimwelekeza, naona ni kazi ile ile.

Barua yako niliisoma, na nilijaribu kukutii. Nilienda kwa Micheline nimwambie apumzike. Nilisimama mbele ya beseni yake. Akaniuliza, "Mangapi, Divine?" Maneno yakakataa kutoka. Nikanunua mandazi nikarudi nyumbani. Siku ya pili nikaenda tena, nikanunua tena. Mama akauliza kama tuna kilio, mandazi yote haya ni ya nani.

Halafu nikafikiri, Baba, kwamba maneno yalikataa kwa sababu siyataki. Nimwambie apumzike amechoka na nini? Yeye hajakataa kuokota gari ya mtu. Alipokuwa kwenye kona aliokota hata ya Hippolyte, haraka haraka, akaipuliza vumbi kabla ya kuirudisha. Hiyo niliiona kwa macho yangu. Habari za kaka yake Hippolyte zinaniumiza na mimi, alikuwa ananibeba kwenye baiskeli nikiwa mdogo. Lakini Micheline naye alitoka kwao usiku na nguo alizovaa. Hakuna aliyemuuliza habari hizo. Walimuuliza mandazi tu.

Risasi niliiweka kama ulivyosema. Gari imetulia, ila kona ya pili ni kali kwa kila mtu.

Basi jana nilitangaza. Nilisema "wa Kpandroma" tena, na safari hii nilisema kwa sauti. Micheline aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa mguu. Hippolyte akaenda kusimama kona ya pili kabla hata sijampanga.

Mzunguko wa tatu, gari ya kijani ikaruka. Akakunja mikono.

Mimi nilikuwa karibu na batri. Nikachomoa waya.

Magari yote yakasimama palepale yalipokuwa. Orly akapiga kelele, "Ee! Nilikuwa naongoza!"

Hippolyte akasema, "Divine, rudisha moto."

Nikasema, "Okota kwanza."

"Unasema nini? Sikusikia."

Unajua sauti yangu, Baba. Pengine kweli hakusikia. Nikarudia: "Okota. Halafu moto utarudi."

"Weye mutoto, juzi hapa ulikuwa unaogopa hata kunisalimia! Siye hatukuje hapa kwa kuokotea watu wa kule."

"Basi hakuna anayekimbiza."

Mbuyi akasema, "Jamani, mi nitaiokota, nina mikono mirefu." Nikamwambia hapana, kona hii si yake. Sijui nilipata wapi maneno. Waya nilikuwa bado nimeushika. Micheline akasema polepole, "Divine, wacha, iko ni kopo tu." Nikamwambia na yeye hapana.

Tukakaa hivyo mpaka watu wakaanza kuvaa viatu. Hippolyte hakuokota, na mimi sikurudisha moto. Kila mtu akaenda kwao. Gari ya kijani nimeiacha pale pale imelala, na mengine nimeyaacha mahali yaliposimama. Jumamosi ijayo tutaanzia hapo.

Najua utakasirika. Heri nikuambie mimi kuliko usikie kwa Ézéchiel.

Binti yako,
Divine


Kpandroma, 4 Oktoba 2009

Divine,

Nawasalimia wote. Mimi ni mzima.

Nilikuachia depo kwa sababu weye ni mtu wa kunyamaza. Nilifikiri mtu wa kunyamaza hataleta shida. Umemwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake, ndani ya parsele yetu, kwa ajili ya kopo la maziwa. Unajua maneno yanavyotembea Bunia. Kesho mtu atasema nyumba ya Augustin inakusanya watu wa kule, na kesho kutwa mtu mwingine ataongeza lake. Niliona yalivyoanza zamani, na hayakuanza na bunduki.

Nitakuambia jambo ambalo sikutaka kuandika. Hapa shantie, penye ujenzi, mimi ndiye Micheline. Watu wake waliponijua natoka upande gani hawakunitukana. Sahani yangu inawekwa mbali kidogo tu, juu ya rundo la mbao, na mimi nakula huko. Nikiwa juu ya paa nyundo ikaniponyoka, wanaume wanne wamesimama chini, hakuna anayenipa. Nashuka ngazi, naokota, napanda. Ikianguka mara tano, nashuka mara tano. Sijauliza kwa nini, na niko hai. Nitarudi kwa Noeli na miguu yangu miwili. Hivyo ndivyo mtu anavyoishi sasa. Micheline anajua hayo kuliko weye, ndiyo maana alikuambia uache.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa batri, umpe Mama. Funga mlango wa depo kwa kufuli. Ufunguo umpe Mbuyi, asimpe mtu, hata weye. Klabu imefungwa mpaka nitakapokuja.

Hili siombi.

Baba yako


Bunia, 25 Oktoba 2009

Baba mpendwa,

Salamu toka kwetu. Mama ni mzima, na mgongo wake umepata nafuu. Amesoma barua hii kabla sijaifunga, amesema, "Ni yako na baba yako, mimi simo," lakini hakuniambia nisiitume.

Barua yako ilichelewa kwa ajili ya matope. Kabla haijafika, Hippolyte alikuja na tournevis, bisibisi yake. Unakumbuka kila mwanachama alileta ubao wake tulipojenga meza, na Hippolyte alileta ule mrefu wa mstari mnyoofu. Aliufungua skrubu zote, akaubeba begani, na Orly akamfuata na gari yake ya manjano mfukoni. Pale katikati ya meza pakabaki wazi, unaona sakafu.

Micheline naye akaacha kuja. Akahamisha hata beseni yake, akaenda kuuzia karibu na kanisa. Nilimfuata mpaka anapokaa. Nilibisha hodi kwake, Baba, mimi! Akaniambia, "Divine, mi niliacha mashamba kule kwetu. Kagari nitashindwa kukaacha?"

Nikasema, "Mashamba ulifukuzwa. Hii hakuna aliyekufukuza isipokuwa weye mwenyewe."

Nilifikiri atanifukuza. Halafu akasema, "Una ulimi mubaya, kumbe ulikuwa unauficha." Akaniuliza ubao wa Hippolyte ulikuwa na urefu gani.

Siku hiyo hiyo jioni Ézéchiel akaleta barua yako.

Niliisoma mara nyingi. Pale pa nyundo nilishindwa kuendelea, nikatoka nje, nikarudi. Halafu nilianza kukutii. Batri nilimpa Mama. Ufunguo nilimpelekea Mbuyi, nikamwambia Baba amesema usimpe mtu, hata mimi. Akaapa. Anao mpaka leo.

Baada ya hapo nilichukua tournevis yako, nikafungua bawaba za mlango wa depo, tukaushusha, mimi na Micheline. Ni mrefu kupita ubao wa Hippolyte, tukaukata kidogo. Micheline alichora mistari kwa chaki ya mshonaji, mimi nikachimba mifereji kwa patasi yako ndogo. Mbuyi alituletea waya wa zamani wa antena ya televisheni, tukautoa shaba yake iliyosokotwa, tukaigundisha pembeni. Sasa mlango ndio mstari mnyoofu. Kufuli haina pa kushika.

Nimekukosea heshima, najua. Sisemi kwamba sikuelewa barua yako. Niliielewa. Ulisema nifunge, na mimi nimekataa, ndiyo nakuandikia wazi. Ukija kwa Noeli unipige au usinipige, ni haki yako. Lakini Baba, miezi yote hii unashuka ngazi na kupanda, nasi huku tunasema tuna amani. Mimi sitaki ushuke. Nyundo ikianguka, kaa juu uite. Uite mpaka wachoke. Nilimweleza Micheline, samahani, nilimweleza. Alicheka vibaya, halafu akafuta macho. Akasema, "Mwambie muzee aite kwa nguvu. Siye watu wa Kpandroma tunajifanya viziwi, lakini hatupendi kelele."

Batri niliiomba kwa Mama siku ya Ijumaa. Alisema barua ilimwambia aipokee, haikumwambia aikatae.

Jana tukakimbiza, watu watatu tu: mimi, Mbuyi, Micheline. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, kwa sababu anayekimbiza anakimbia pia kuokota. Micheline alileta bashi nyeupe, turubai aliyopewa zamani kambi ya wakimbizi, tumeitundika mahali pa mlango. Kwa kuwa si mlango, watu hawabishi. Orly aliinua kona ya bashi, akasema alikuwa anapita tu. Nikamwambia kama anapita, apitie kona ya pili, haina mtu. Alisimama pale, mikono mfukoni. Gari ya kijani iliporuka, alingoja kidogo. Halafu akairudisha mferejini, akasema, "Micheline, punguza mwendo, mi sina kazi ya kuokota weye tu."

Micheline akajibu, "Na weye ongeza mkono! Uko polepole kama mulinzi wa benki."

Hippolyte hajarudi. Tukikutana njiani namsalimia, anaitika kwa kichwa. Sitaacha kumsalimia.

Jumamosi tutakimbiza tena, na nitatangaza kila mtu na kwao.

Binti yako,
Divine


Kpandroma, 22 Novemba 2009

Divine, mama yangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nakusalimia, na Mama msalimie. Mwambie nimesikia alivyoisoma barua yangu kuhusu batri, tutazungumza.

Mlango ule niliutengeneza mimi mwenyewe kwa mbao ya muvula. Ni ngumu, na nyuzi zake zinapinda upande mmoja. Kwa patasi peke yake mfereji wako lazima una meno, na kidole kitakwama gari zikiwa na mwendo. Chukua kipande cha jino la msumeno wa chuma, kifunge katika kibao, ukipitishe taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama katikati. Halafu paka nta ya mshumaa. Mahali palipokuwa na kitasa, zibeni shimo kwa unga wa mbao na gundi, la sivyo gari ya mstari wa nje itaruka hapo kila mara na mtafikiri ni kosa la mkimbizaji.

Mstari mnyoofu ukiwa mrefu hivyo, kona ya pili itakuwa mbaya zaidi. Inueni ubao wa nje kidogo kwa kabari. Anza na kabari nyembamba.

Kuhusu nyundo, hilo ni langu, uniachie.

Noeli nitakuja. Gari yangu ya buluu uiwekee matairi mapya, nitatangazwa kama wengine.

Hippolyte akirudi umpokee vizuri, na ubao wake tutautafutia mahali. Lakini mlango usiurudishe.

Baba yako,
Augustin